Mwalimu wa Chekechea, Tunza Cheti Chako

Ndugu msikilizaji, leo nazungumza nawe unayefundisha chekechea hapa kambini huku ukisubiri kuhamia Marekani. Kule kuna vyuo vya jamii, ada yake kwa kawaida ni nafuu kuliko ya chuo kikuu. Vingi hufundisha elimu ya watoto wadogo, na Kiingereza kwa wageni pia.

Cheti kiitwacho CDA hudai saa 120 za masomo na saa 480 za kazi na watoto. Usishtuke! Hizo 480 ni kama miezi mitatu ya kazi ya kutwa.

Ila utaulizwa: sekondari ulimaliza? Kwa hiyo cheti chako kitoe chini ya godoro kabla mvua haijaanza. Kifunge vizuri kwenye nailoni, nakala mwachie dada yako.