Mwenye Ufunguo wa Swali: Uskoti kati ya Uhuru na Muungano

Lugha yetu inatutega hata kabla mjadala huu haujaanza. Tukisema "Uingereza" tunaweza kuwa na maana ya nchi ya Waingereza peke yao, na tunaweza kuwa na maana ya dola nzima inayokusanya England, Uskoti, Wales na Ireland ya Kaskazini. Mskoti anayeitwa Mwingereza hukunja uso, na ana sababu. Katika mada hii England ni sehemu, na Uingereza ni dola nzima. Hata jina la jambo lenyewe, Uskoti kutoka katika dola hiyo, lina upande: wanaolitaka huliita uhuru, wasiolitaka huliita kujitenga. Nitatumia maneno yote mawili kwa kufuata kinywa cha anayesema. Hoja yangu ni kwamba tangu mwaka 2014 mabishano yamehama. Zamani watu walibishana kama Uskoti itoke au ibaki; sasa wanabishana ni nani mwenye haki ya kuuliza swali hilo. Na kukosekana kwa njia ya kisheria ya kuliuliza kumewaumiza hata watetezi wa muungano, wanaodhani kunawalinda.

Tuanze na asili ya muungano wenyewe, kwa sababu ndimo haki inayobishaniwa ilimozaliwa. Mwaka 1603 mfalme wa Uskoti, James wa Sita, alirithi pia kiti cha England, lakini nchi zilibaki mbili na mabunge mawili. Miaka ya mwisho ya karne hiyo Waskoti walijaribu kuanzisha koloni lao huko Darien, katika Panama ya leo. Likafa kwa maradhi, njaa na uhasama, likazama na fedha nyingi za nchi. Mkataba wa muungano, ulioanza kazi tarehe 1 Mei 1707, ulikuja na malipo ya zaidi ya pauni 398,000 kwa Uskoti, na sehemu ya fedha hizo ilikwenda kuwafidia wenye hisa wa Darien. Wananchi wa kawaida hawakuulizwa. Edinburgh na Glasgow kulikuwa na ghasia. Hata hivyo muungano haukuwa ushindi wa vita. Uskoti ilibakia na sheria zake, mahakama zake, kanisa lake na mfumo wake wa elimu. Mwaka 1953 jaji mkuu wa Uskoti, Lord Cooper, aliandika katika hukumu kwamba mamlaka ya Bunge yasiyo na mpaka ni kanuni ya England, na haina mwenzake katika sheria ya katiba ya Uskoti. Waziri mkuu wa zamani wa Uingereza Margaret Thatcher mwenyewe, ambaye hakuna atakayemshuku kuwa na huruma na wapigania uhuru wa Uskoti, alikiri katika kumbukumbu zake kwamba Waskoti ni taifa lenye haki ya kujiamulia, na kwamba wakiamua kuondoka hakuna mwanasiasa wa England atakayewazuia. Kwa hiyo kanuni ya ridhaa haibishaniwi. Linalobishaniwa ni namna ridhaa hiyo inavyopimwa, na lini.

Kwa msikilizaji wa Tanzania, umbo la muungano huu si geni. England haina bunge lake wala serikali yake. Mambo yake huamuliwa na Bunge la Westminster, ambamo wabunge wa Uskoti nao hukaa na kupiga kura. Tanganyika nayo haina serikali yake, na mambo yake huendeshwa na serikali ya Muungano. Waliofuatilia rasimu ya katiba ya Tume ya Warioba na pendekezo lake la serikali tatu hawahitaji kuelezwa kwa nini mshirika mkubwa asiye na umbo lake mwenyewe huwatia wasiwasi wakubwa na wadogo kwa pamoja. Mfanano unaishia hapo, kwa kuwa uwiano wa watu, historia na mikataba ni tofauti, nami sitausukuma zaidi.

Kura ya maoni ya tarehe 18 Septemba 2014 ndiyo kipimo changu cha jambo lililofanywa sawasawa. Chama cha Kitaifa cha Uskoti, SNP, kilikuwa kimepata viti 69 kati ya 129 vya Bunge la Uskoti katika uchaguzi wa 2011, na kilikuwa kimeahidi kura hiyo waziwazi. Waziri Mkuu David Cameron na Waziri Kiongozi wa Uskoti, Alex Salmond, walitia saini Makubaliano ya Edinburgh mwezi Oktoba 2012, na Westminster ikaliazima Bunge la Uskoti mamlaka ya kuitisha kura kwa kutumia kifungu cha 30 cha Sheria ya Uskoti ya 1998. Kila kitu kilijulikana mapema. Swali lilikuwa moja, tena fupi: je, Uskoti iwe nchi huru? Maneno yake yalipitiwa kwanza na Tume ya Uchaguzi, ambayo iliondoa mwanzo uliomuuliza mpiga kura kama "anakubali", kwa kuwa ulimwelekeza kwenye jibu. Waliojiandikisha walikuwa pamoja na vijana wa miaka 16 na 17. Waliojitokeza walikuwa asilimia 84.6. Waliokataa walikuwa 2,001,926, sawa na asilimia 55.3, na waliokubali 1,617,989. Salmond akajiuzulu, na viongozi wa walioshindwa hawakudai kwamba kura ziliibwa.

Ubora wa zoezi lile haukuwa katika utulivu wake peke yake. Kwa sababu tarehe ilikuwa imewekwa, kila upande ulibanwa kujibu. Serikali ya Salmond ilitoa kitabu kinene mwezi Novemba 2013 kueleza nchi huru itakavyokuwa: pensheni, ulinzi, kuondolewa kwa manowari za nyuklia zilizoko Faslane, uanachama wa Umoja wa Ulaya. Kitabu hicho kilisema Uskoti itaendelea kutumia pauni pamoja na jirani yake. Februari 2014 waziri wa fedha wa Uingereza, George Osborne, alikwenda Edinburgh akasema hapana, na vyama vyote vitatu vikubwa vya Westminster vikamuunga mkono. Tangu siku hiyo mpigania uhuru aliyepanda jukwaani aliulizwa: fedha gani? Hakuwa na jibu la kuridhisha, na naamini hilo lilimgharimu. Upande wa pili nao ulibanwa. Siku mbili kabla ya kura, wakuu wa vyama hivyo waliahidi gazetini kuongeza madaraka ya Bunge la Uskoti; ahadi hiyo ikazaa Tume ya Smith, kisha Sheria ya Uskoti ya 2016.

Halafu ikaja kura ya Juni 2016 ya kutoka Umoja wa Ulaya. Uingereza kwa jumla ilichagua kutoka kwa asilimia 51.9, Uskoti ilichagua kubaki kwa asilimia 62. Miaka miwili kabla yake Waskoti walikuwa wameonywa kwamba wakijitenga watajikuta nje ya Ulaya. Walibaki katika muungano, na nje ya Ulaya wakajikuta vilevile. Tarehe 28 Machi 2017 Bunge la Uskoti lilipiga kura 69 kwa 59 kuomba tena mamlaka ya kifungu cha 30. Waziri Mkuu wa wakati huo, Theresa May, alijibu kwamba wakati haujafika. Boris Johnson, aliyemfuata, alikataa mwaka 2020. Uchaguzi wa 2021 uliwapa SNP na chama cha Kijani, kinachounga mkono uhuru, viti 72 kati ya 129, lakini jibu halikubadilika. Novemba 2022 Mahakama ya Juu iliamua kwa kauli moja kwamba Bunge la Uskoti haliwezi kutunga sheria ya kura hiyo bila idhini ya Westminster. Kisheria sioni kosa katika hukumu hiyo: Sheria ya 1998 inautaja muungano wa falme mbili miongoni mwa mambo yaliyobaki mikononi mwa Westminster. Lakini iliweka wazi kwamba ridhaa ambayo kila mtu anaikiri haina njia ya kudhihirika, isipokuwa pale waziri mkuu aliyeko London anapoona inamfaa.

Matokeo yake ndiyo ninayotaka tuyaangalie kwa makini, kwa sababu huzungumzwa kidogo. Mlango ulipofungwa, waliokuwa ndani na waliokuwa nje wote walipumua. SNP haikulazimika tena kueleza kwa ukamilifu habari ya fedha, wala mpaka wa forodha na England, ambao umekuwa mgumu zaidi baada ya Uingereza kutoka Ulaya. Haikulazimika kueleza kitakachoziba pengo la bajeti, ambalo kwa takwimu za serikali ya Uskoti yenyewe lilikuwa asilimia 10.4 ya pato la nchi mwaka 2023/24, wakati la Uingereza nzima lilikuwa asilimia 4.5. Kitabu cha 2013 kilikadiria pipa la mafuta kwa dola 113. Mapema 2015 bei ilikuwa chini ya 50. Chama kinachokabiliwa na tarehe ya kura kingekaa chini kuandika hesabu mpya na kuzitetea mbele ya wapinzani. Kisichokabiliwa na tarehe kina wimbo mmoja rahisi: wametunyima. Watetezi wa muungano nao wameacha kueleza muungano ni wa nini. Wana hoja nzuri, soko la pamoja, mgawanyo wa fedha za umma, karne tatu za familia zilizochanganyika, lakini badala ya kuzitoa wamejikinga nyuma ya kifungu cha sheria. Na uchunguzi wa maoni umeendelea kuonyesha nchi iliyogawanyika karibu nusu kwa nusu.

Wapo watakaosema kwamba Salmond mwenyewe aliita kura ya 2014 nafasi ya kizazi kimoja. Ni kweli, na mwanasiasa akumbushwe maneno yake. Lakini maneno hayo hayamo katika Makubaliano ya Edinburgh, na Tume ya Smith, iliyokuwa na wajumbe wa vyama vyote vitano vya Bunge la Uskoti, ilieleza kwamba hakuna linaloizuia Uskoti kuwa huru siku zijazo watu wake wakichagua hivyo. Kilicho na uzito katika pingamizi hili ni hofu ya nchi kuishi katika kampeni isiyokwisha, na hofu hiyo naikubali. Dawa yake ni muda maalumu kati ya kura na kura. Kizazi hakina tarehe. Sheria ya Ireland ya Kaskazini ya 1998 inao muda huo, miaka saba, na inamtaka waziri aitishe kura ya kuungana na Ireland endapo itaonekana kuwa wengi wataikubali. Ni vigumu kueleza kwa nini dola moja, iliyopitisha sheria zote mbili mwaka mmoja, impe raia wa Belfast utaratibu na kumnyima wa Dundee, isipokuwa kwa jibu la aibu kwamba wa Belfast aliupata baada ya miaka thelathini ya damu.

Pingamizi jingine linaelekeza kidole kwenye uchaguzi mkuu wa Julai 2024, ambapo SNP iliporomoka hadi viti 9 kati ya 57. Watu wamechoka, inasemwa, basi swali limekufa. Mwenye kutumia hoja hii akubali pia kwamba viti 56 kati ya 59 vya mwaka 2015 vilikuwa idhini ya uhuru, jambo ambalo hakulikubali wakati ule. Uchaguzi huchanganya hospitali, shule, kodi na sura za viongozi. Kwa sababu hiyohiyo naona Nicola Sturgeon, aliyekuwa Waziri Kiongozi wa Uskoti, alikosea alipotaka, baada ya hukumu ya 2022, kuugeuza uchaguzi mkuu kuwa kura ya maoni kwa mlango wa nyuma.

Pingamizi zito kuliko yote ni kwamba ukiandika njia ya kutoka umealika watu kutoka. Montenegro iliahidiwa katika mkataba wake na Serbia wa 2003 kwamba baada ya miaka mitatu inaweza kuuliza. Ikauliza mara moja mwaka 2006, ikatoka kwa asilimia 55.5, nusu asilimia tu juu ya kiwango kilichowekwa. Jirani zetu Waethiopia wana ibara ya 39 katika katiba yao ya 1995, inayotaja hadi utaratibu wa kujitenga, na haikuwaepusha na vita vya Tigray. Mifano hii siipuuzi. Ethiopia inafundisha kwamba karatasi bila mahakama huru na uchaguzi unaoaminika haimlindi mtu. Lakini Uingereza haijapungukiwa na hivyo viwili. Montenegro inaonyesha muungano uliokwisha moyo kabla ya kura kupigwa. Upande wa pili wa mizani, Kanada ilipitisha sheria ya mwaka 2000 inayoeleza masharti ya kutoka, baada ya Quebec kukosa kutoka kwa uzi mwembamba mwaka 1995, waliokataa wakiwa asilimia 50.58. Hadi leo Quebec haijauliza tena. Sisemi sheria ndiyo sababu. Nasema kuwepo kwa njia hakukuleta mafuriko.

Kuhusu kiwango cha ushindi, Waskoti wana kovu. Mwaka 1979 asilimia 51.6 walikubali kuwa na bunge lao, lakini kura ilitupwa kwa sababu hawakufikia asilimia 40 ya wote walioandikishwa. Sharti hilo lilipachikwa na mbunge wakati muswada ukijadiliwa, na uchungu wake uliendelea hadi kura ya 1997 iliyowapa bunge hilo. Kwa hiyo sipendekezi kupandisha kiwango. Napendekeza ugumu uwekwe kwenye kuitisha kura. Sweden haibadilishi katiba yake kwa kawaida mpaka mabunge mawili yaamue vilevile, na uchaguzi uwe umepita katikati. Utaratibu huo ukiandikwa katika Sheria ya Uskoti, pamoja na muda wa miaka saba, mashaka mengi yanapungua. Unamwondoa waziri wa London kwenye nafasi ya mlinda mlango, nafasi ambayo hata sheria ya Ireland ya Kaskazini imemwachia; na unamzuia Waziri Kiongozi wa Edinburgh kukurupuka na upepo wa mwaka mmoja. Azimio la 69 kwa 59 la mwaka 2017 lingekuwa hatua ya kwanza, na bunge la 2021 lenye viti 72 lingekuwa la pili. Kura ingekuja mwaka 2022 au 2023, miaka minane au tisa baada ya ile ya kwanza. Watetezi wa muungano wangekuwa wamepewa miaka mitano ya kujiandaa, na SNP ingekuwa na miaka hiyohiyo mitano ya kutafuta jibu la swali la fedha gani.