Tuwaandikie Watoto Vitabu vya Picha, Bendera ya Chama Ibaki Nje

(Maneno niliyosema kwenye kikao cha vijana, Usoke)

 

Muda ni mfupi, naingia moja kwa moja. Kwenye majukwaa tunasema mtu amiliki mali yake, ale jasho lake, aweke akiba, auze anakoona bei nzuri, na serikali isiingize mkono kwenye kila mfuko. Tunamwambia hayo mtu wa miaka arobaini. Jamani, tumechelewa! Huyo alishafundishwa uchumi zamani, kabla hajalijua hata neno lenyewe.

Alifundishwa na hadithi. Waulizeni wazee hapa kama wanamkumbuka Kibanga aliyempiga mkoloni. Watakutajia mpaka picha yake. Azimio la Arusha lilipotoka 1967, Elimu ya Kujitegemea ilifuata mwaka huohuo, maana wakubwa walijua kwamba siasa ya uchumi haikai bila shule. Mimi hapo siwalaumu, najifunza kwao. Mtoto hasomi sera, anasoma hadithi.

Wenzetu wa mrengo wetu Marekani wameliona hilo. Connor Boyack alianza 2014 kutoa vitabu vya picha vya mapacha wa Tuttle, na kitabu cha kwanza kilichukua mawazo ya Mfaransa Frédéric Bastiat, mtu wa karne ya 19, kikayashusha mpaka mtoto ayaelewe. Lakini sisi hatuna haja ya kuazima mapacha. Hadithi zipo hapahapa. Nawapa nne.

Ya kwanza ni ya mpagazi. Mnyamwezi wa karne ya 19 alibeba mzigo wa kilo kama 30 kati ya Tabora na pwani. Kabla hajauinua, alipatana kwanza mshahara wake na posho yake. Posho isipotoka, mzigo unawekwa chini. Huo ni mkataba, na babu zetu waliujua kabla ya reli kufika Tabora 1912. Ila kitabu kisifiche kwamba njia hiyohiyo ilipitisha watumwa. Mtoto aambiwe wazi: mtu akinyang'anywa hata mwili wake, hilo si soko tena, ni wizi.

Ya pili ni ya mzinga. Ukitundika mzinga wako porini, hata kama mti hukuupanda wewe, asali ni yako. Jirani akipita anauacha. Mtoto wa Usoke akiona picha hiyo ameshaelewa haki ya mali, na pia ameelewa kwamba haki hiyo inalindwa kwanza na adabu ya jirani, kabla ya polisi.

Ya tatu ni ya karanga. Hapo Urambo, majirani zetu, Waingereza walileta mradi wa karanga 1947, pamoja na Kongwa na Nachingwea. Matrekta yakaja, mabwana mipango wakaja, hesabu zote zimeshapigwa London. Mwaka 1951 mradi ukafungwa, na pauni zaidi ya milioni 30 za walipa kodi zikapotea. Mchoreni bibi mmoja mwenye jembe anayewatazama na kujiuliza: hawa mbona hawakuanza na shamba dogo kwanza? Swali hilo moja linatosha kitabu kizima. Na mtoto ataona kwamba serikali kubwa inaweza kukosea hata ikiwa ya mzungu.

Ya nne ndiyo inayouma, ni deni la tumbaku. Mbolea inakuja kwa mkopo, soko likifika makato yanatangulia, na wewe uliyelima vizuri unajikuta unabeba deni la mwenzako kwenye kikundi. Wengi humu mnayajua haya kuliko mimi. Basi tuchore kibubu. Mtoto atumbukize mia mia zake, kisha aje mtu kumwambia, "Kopa tu, utalipa ukivuna." Afanyeje? Msimalizie jibu. Mwacheni abishane na mama yake.

Sasa nina masharti mawili.

La kwanza: bendera ya chama isionekane humo, wala rangi zetu, wala picha ya mwenyekiti. Najua kuna makamanda watanuna. Lakini tunapiga kelele kila siku kwamba watoto wasigeuzwe kuwa wapiga debe wa chama tawala. Tukiwafanya wapiga debe wetu, tofauti iko wapi? Kama akiba, kazi na mkataba ni mambo mema, yatasimama bila bendera. Vitabu vya shule vina wenyewe, Taasisi ya Elimu Tanzania. Sisi hatuendi darasani, tunaenda kwenye mkeka nyumbani, na mzazi ndiye aamue kama kitabu kiingie. Hata mzazi wa CCM akisome bila kuogopa.

La pili: tukisifu kazi, tusimsukumie mtoto kwenye bani. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema umri wa chini wa kuajiriwa ni miaka 14, tena kwa kazi nyepesi. Kufua sare yake, kulisha kuku wake, kuuza mayai na kuhesabu chenji, hiyo ni kazi ya kumfundisha. Kukesha akichochea moto wa tumbaku badala ya kwenda shule, hapana. Kitabu kinachochanganya hayo mawili tusikitoe.

Gharama isiwe kisingizio. Karatasi nne za A4, zikichapwa pande zote mbili na kukunjwa katikati, zinakupa kurasa 16. Steshenari wanakutolea siku hiyohiyo. Kinachotakiwa ni mchoraji, na humu nawaona wawili wanaojificha nyuma.

Kwa hiyo kila tawi lilete hadithi moja kikao kijacho. Kabla ya kuileta, msomee mtoto mmoja. Akisinzia, andika upya. Akiuliza, "Halafu ikawaje?", hiyo tuichape.