Sauti Inayopasuka kwenye Kompyuta ya Linux: Tazama Kabla ya Kurekodi Kanda za Nyumbani

Mazungumzo kwa wakaazi wa Kisiwani na Mji wa Kale

 

Nyumba nyingi za Mji wa Kale zina kasha au droo yenye kanda za kaseti. Humo mna taarab ya harusi, mna mawaidha, mna sauti ya bibi akisimulia habari za ukoo. Juma Bhalo alitutoka mwaka 2014, Zein l'Abdin mwaka 2016, lakini nyimbo zao zilizouzwa na maduka kama Mbwana Radio Service huenda jirani yako anazo nakala. Kanda ya harusi ya mamako iko moja tu, na iko kwenu.

Vijana wengi sasa wanazihamisha kanda hizo kwenye kompyuta. Kompyuta zenyewe mara nyingi ni za mtumba zilizowekwa Linux, hasa tangu Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Linux ni ya bure na mashine kuukuu inaibeba vizuri. Lalamiko ninalolisikia zaidi ni la sauti: inapasuka, inatatarika, inavuma.

Kabla ya kuita fundi, jiulizeni swali moja. Ubovu uko kwenye kusikiliza au uko kwenye kurekodi? Ubovu wa kusikiliza hauna haraka, kwa sababu faili iko salama na spika itatengenezwa kesho. Ubovu wa kurekodi umeshaingia ndani ya faili, na kanda ya miaka 40 huenda isikubali kupigwa tena.

Kujua ni rahisi. Chukua faili unayoishuku uicheze kwenye simu yako. Ikipasuka na huko, kosa lilitokea wakati wa kurekodi. Ikiwa safi kwenye simu, rudi kwenye kompyuta uisikilize kwa hedifoni ya waya. Ikisikika vizuri kwa hedifoni, basi mbovu ni spika au waya wake, wala usiiguse Linux. Nimewaona watu wakifuta mfumo mzima na kuuweka upya kwa ajili ya spika iliyotoboka karatasi.

Sasa tuje kwenye kupasuka, maana huku ndiko kanda nyingi zinakoharibikia. Kompyuta huandika sauti kwa nambari. Katika rekodi ya biti 16 nambari ya juu kabisa ni 32,767. Sauti ikija na nguvu kupita hapo, kompyuta haina pa kuiandika, inarudia ileile 32,767 mpaka sauti ishuke. Wimbi lililokuwa na kilele cha mviringo linakatwa kichwa na kuwa bapa kama baraza. Sikio linasikia mpasuko, na waimbaji wakipandisha sauti pamoja na fidla ndipo unapozidi. Kupunguza sauti baadaye hakusaidii, kwa kuwa kilele hakipo tena. Zipo programu za kukisia kilele kilichokatwa, nami sizitegemei: hutengeneza kitu cha kufanana tu.

Sababu yake kwa kawaida ni tundu. Tundu la maikrofoni limetengenezwa kupokea umeme mdogo sana, ule wa maikrofoni. Redio kaseti inatoa umeme mkubwa kupitia tundu lake la hedifoni. Ukiunganisha moja kwa moja, ni kama kufungulia mpira wa zimamoto ndani ya kikombe. Kompyuta za mezani nyingi zina tundu la buluu kwa nyuma. Hilo ndilo la kupokelea sauti ya mashine nyingine. Laptopu nyingi hazina. Zina tundu moja la hedifoni na maikrofoni pamoja, na kile linachopokea ni upande mmoja tu, si kushoto na kulia. Kwa kanda nyingi ni afadhali kununua kadi ya sauti ya USB, lakini muulize muuzaji kama ina tundu la kupokea sauti ya pande mbili. Zile ndogo za bei ya chini mara nyingi zina la maikrofoni tu, na mtarudi palepale.

Aliye na tundu la maikrofoni peke yake asikate tamaa. Fungua dirisha la amri uandike alsamixer. Bonyeza F6 uchague kadi yako ya sauti, kisha F4 uone upande wa kurekodi. Tafuta palipoandikwa Mic Boost ushushe mpaka sifuri. Mashine nyingi huja na kiongezi hicho kimepandishwa, na kikiwa juu, kushusha kiwango kingine chochote hakukuokoi. Halafu shusha sauti ya redio kaseti yenyewe mpaka karibu robo. Tafuta sehemu ya kanda yenye kelele kuliko zote, ile ya vigelegele, uipige huku ukitazama mita ya programu ya kurekodi, mathalani Audacity. Vilele visipite desibeli 6 chini ya sifuri. Mita ikionekana ndogo, iacheni hivyo. Sauti ndogo hupandishwa baadaye bila shida.

Programu nyingine ya kuwa nayo ni pavucontrol. Inaonyesha kila programu inatoa sauti kwa kiasi gani. Kwenye usikilizaji, ikiwa kipimo kimepita asilimia 100, Linux inaiongeza sauti kwa hesabu, na mpasuko huo ni wa kutengenezwa na wewe mwenyewe. Rudisha 100, tumia kitufe cha spika.

Kutatarika ni jambo jingine. Ni sauti ya mafuta yanayokaanga, au kukatikakatika kidogo kidogo, hata nyimbo zikiwa za taratibu. Hapo nguvu ya sauti haihusiki, kompyuta imechelewa. Mgawaji wa sauti katika Linux nyingi za sasa anaitwa PipeWire, na huipeleka sauti kwa mafungu. Fungu la kawaida ni sampuli 1,024, yaani takriban milisekunde 21 kwa kasi ya sampuli 48,000 kwa sekunde. Mashine kuukuu ikiwa imefungua kurasa 20 za intaneti, fungu linalofuata halifiki kwa wakati na panabaki pengo. Andika pw-top utazame safu ya ERR. Nambari ikipanda kila mtataruko unaposikika, umempata mwizi. Funga kivinjari kwanza. Ikiendelea, andika:

pw-metadata -n settings 0 clock.force-quantum 2048

Fungu litakuwa kubwa mara mbili na kompyuta itapata nafasi ya kupumua. Kurudisha kama zamani, weka 0 mahali pa 2048.

Lakini sisi ni watu wa kisiwani, na si kila mtataruko ni wa programu. Hewa ya chumvi hula matundu na pini. Ukitikisa waya na sauti ikabadilika, zungusha pini ndani ya tundu mara kadhaa, kisha uipanguse kwa kitambaa chenye spiriti ya kusafishia. Kitufe cha sauti cha redio kaseti kikikwaruza, kizungushe mwanzo hadi mwisho mara 20 hivi, redio ikiwa imezimwa.

Mvumo mzito usiokoma ni umeme. Umeme wetu ni wa hezi 50, na mvumo wake ni wa hapo au mara mbili yake. Chomoa chaja, urekodi kwa betri ya laptopu. Mvumo ukitoweka, umejua. Redio kaseti nayo itie betri ikiwezekana, na kama haiwezekani, chomekeni vyote viwili kwenye soketi moja.

Hedifoni za Bluetooth zikigeuka kuwa na sauti kama ya simu mara tu unapoingia mkutano wa mtandaoni, maikrofoni yake ndiyo iliyowashwa. Kwenye mipangilio ya sauti rudisha A2DP, utumie maikrofoni ya kompyuta. Sauti inayolegea au kuyumba ni mkanda wa mpira ndani ya redio kaseti. Kompyuta haina hatia.

Mkisharekodi, hifadhini kwa WAV au FLAC. MP3 ni ya kutumiana kwenye simu. Nakala moja ibaki kwenye kompyuta, nyingine kwenye diski ya nje, na diski hiyo ikae nyumba nyingine, kwa mjomba au kwa shangazi. Kanda msiitupe. Irudisheni ndani ya kasha lake, mbali na dirisha la upande wa bahari.