Kabla ya Kung'oa: Maumivu ya Taya na Kusaga Meno katika Ukanda wa Migodi

Mada kwa semina ya watoa huduma za afya ya kinywa na meno, Mwadui

1. Utangulizi

Kiungo cha taya kipo mbele ya sikio, kina kisahani cha gegedu kati ya mifupa. Kikiugua, au misuli yake ikichoka, mtu huumwa akitafuna, husikia mlio, au hushindwa kuachama. Kusaga meno hutokea usingizini au mtu akiwa macho. Haya washiriki wanayajua.

2. Tatizo lenyewe

Kinachotukwamisha ni koleo kutangulia maswali. Maumivu ya misuli ya taya husikika kwenye magego, na mgonjwa huonyesha jino kwa kidole bila kusita. Gego lisilo na tundu, lisilolegea, lisilouma likigongwa, hung'olewa kwa ushahidi wa kidole hicho. Maumivu hubaki, kisha huombwa la pili. Kwa heshima zote kwa vituo vyetu, huko si kutibu.

Husemwa kwamba meno ya huku huisha kwa vumbi na floraidi, si kwa kusaga. Hoja hiyo ina uzito: visima vingi vya Shinyanga huzidi miligramu 1.5 kwa lita, kikomo cha Shirika la Afya Duniani, na enameli iliyoathirika humeguka upesi. Lakini floraidi huacha madoa na vishimo; kusaga huacha mabapa yanayong'aa, la jino la juu likilingana na la jino la chini. Wengine hutaja minyoo kuwa chanzo cha kusaga, ila dawa ya minyoo hailegezi misuli. Utafiti umehusisha kusaga zaidi na pombe, sigara, kahawa nyingi, msongo na usingizi wa kukatikakatika, na anayetoka zamu ya usiku akalala mchana chini ya bati huyajua mengi ya hayo. Wanaolalamikia foleni ya wagonjwa wakumbuke kwamba kubonyeza misuli ya shavu ni kazi ya dakika chache, na jino lililong'olewa halirudi.

3. Mapendekezo

(i) Gego zima lising'olewe kabla ya kubonyeza misuli na kupima kuachama. Vidole vitatu vya mgonjwa mwenyewe vinatosha kuwa kipimo.

(ii) Kila mwenye maumivu ya taya aulizwe kuhusu zamu, usingizi, pombe na sigara.

(iii) Tiba ianze na nyepesi: chakula laini, kitambaa cha moto, mazoezi ya taya. Kinga ya usiku hulinda meno, haikomeshi kusaga. Mgonjwa aambiwe hivyo.

(iv) Taya likikwama, likivimba au likifa ganzi, rufaa itolewe mapema.

(v) Takwimu za MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, zitenganishe maumivu ya taya na ya jino. Kisichoandikwa hakitengewi bajeti.

(vi) OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, na uongozi wa migodi washauriwe, kadiri taratibu zinavyoruhusu, kuingiza taya katika upimaji wa afya wa wafanyakazi.

(vii) Wachimbaji wadogo wa Maganzo na Geita, wasio na mwajiri wa kuwapima, wafikiwe kupitia zahanati zao.

(viii) Kwa mara nyingine: gego zima lising'olewe.