SULHU YA BIASHARA ISIMNYIME MNYONGE HAKI YAKE



Sheria ya Ushindani Halali wa Biashara na Kumlinda Mtumiaji ya mwaka 2018 iliunda hapa Zanzibar Tume ambayo, miongoni mwa kazi zake, hupokea malalamiko ya wanunuzi. Kwa hivyo, aliyeuziwa bidhaa mbovu asikae kimya. Kwanza amwendee muuzaji na risiti yake. Wakishindwana, apeleke lalamiko kwenye Tume.

Msuluhishi si hakimu. Hatoi hukumu, bali huwakutanisha wenye ugomvi wapatane kwa hiari. Basi nanyi watumishi, msimharakishe mnyonge kutia saini asichokielewa. Msomeeni kila sharti, naye apewe nakala yake. Sulhu ya kulazimishwa huzaa ugomvi wa pili.