Mkono Mmoja Haulei Mwana
Mazungumzo kwa wazazi na walezi wa kata kuhusu siku ya kazi ya mzazi mwenye watoto wadogo



Saa kumi alfajiri, wakati sehemu kubwa ya Vikindu ingali imelala, mama mmoja huwa amekwisha kuwasha jiko la mkaa. Jina lake halina haja ya kutajwa, kwa kuwa kila kitongoji kina mama wa namna yake. Ana watoto watatu: binti wa darasa la tano, mvulana wa darasa la kwanza na mtoto mdogo wa mwaka mmoja na nusu. Mumewe ni dereva wa lori la mizigo la kusini, naye hurudi nyumbani siku mbili au tatu kwa wiki, kwa kadiri mzigo unavyopatikana. Mama mwenyewe ameajiriwa katika duka la vitenge Kariakoo, ambako mlango hufunguliwa saa mbili kamili asubuhi na anayechelewa hukatwa ujira.

Kabla ya saa kumi na moja na nusu, mama huyu hupika uji, huchemsha maji ya kuoga, hunyoosha sare mbili za shule, hufunga chakula cha mchana cha mtoto mdogo na humnyonyesha akiwa nusu usingizini. Kisha hutoka mbio kwenda kituoni. Daladala ya kwanza humfikisha Mbagala Rangi Tatu, na ya pili Kariakoo. Siku njema hupata kiti, na siku nyingine husimama njia nzima, mkoba kifuani, akijiuliza kama mlango wa nyuma aliufunga.

Jioni safari huwa ndefu zaidi. Hutoka dukani saa kumi na moja, akapigania nafasi garini pamoja na wenzake wengi, akafika nyumbani yapata saa mbili usiku. Hapo husubiriwa na chakula cha jioni, vyombo, nguo za kesho na watoto watatu ambao kila mmoja ana habari yake ya kusimulia. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Asiyeubeba mzigo huu huuona mwepesi.

Kwa muda mrefu maisha haya yalikwenda kwa sababu nyumbani palikuwa na yaya. Siku moja yaya alipata udhuru wa kifamilia, akarudi kwao, wala hakupatikana mwingine. Jirani mwema alikubali kukaa na mtoto mdogo, lakini Jumatatu na Alhamisi jirani huyo hufuata bidhaa zake mnadani. Kwa siku hizo mbili mama hakuona njia nyingine: binti wa darasa la tano alibaki nyumbani kulea.

Ilionekana jambo dogo. Siku mbili tu kwa wiki, tena binti ni mwelekevu. Anajua kukoroga uji, kubadilisha nguo za mtoto na kumbembeleza hadi alale. Mama alijipa moyo kwamba yaya angepatikana upesi. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili ikafuata, na mazoea yakachukua nafasi ya dharura.

Ni mwalimu wa darasa aliyehesabu. Alifungua daftari la mahudhurio, akaona siku kumi na mbili katika wiki sita, zote zikiwa Jumatatu na Alhamisi. Alimwita mzazi shuleni, naye hakumkaripia. Alimwonesha daftari la hisabati la binti. Katika mada ya sehemu palikuwa na kurasa tupu, na baada ya kurasa hizo majibu ya binti yaliyokuwa sahihi yaligeuka kuwa ya kubahatisha. Mama alitazama kurasa zile kwa kitambo, akasema kwamba nyumbani binti hakuwahi kulalamika. Mwalimu akamjibu kwamba mtoto mwema huficha hasara yake ili asimwongezee mama mzigo.

Siku hiyo hiyo likajitokeza jambo la pili. Katika kuitafuta kadi ya kliniki, mama aligundua kwamba chanjo ya surua ya mtoto mdogo imefikia wakati wake. Dozi ya kwanza hutolewa mtoto akiwa na miezi tisa, na ya pili akiwa na miezi kumi na minane. Mara mbili alikuwa amepanga kwenda, na mara mbili kazi ilimzuia.

Ndugu wananchi, hapa ndipo mazungumzo haya yanapotaka kufika. Mama huyu si mzembe. Anafanya kazi kwa ajili ya watoto wale wale ambao kazi inamnyima nafasi ya kuwa nao. Hata sheria inayomlinda haimfikii kwa ukamilifu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa anayenyonyesha ruhusa ya hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Lakini kwa mama ambaye kazi yake iko Kariakoo na mtoto wake yuko Vikindu, saa hizo zingeishia barabarani. Akikubaliana na mwajiri wake, huenda zikamfaa zaidi kwa kuchelewa kuingia au kuwahi kutoka. Hilo linahitaji mazungumzo ya heshima na mwajiri, na ni vema mzazi ayaanze mapema, kabla ya matatizo kumzidi.

Yapo pia mambo ambayo yamo ndani ya kata yenyewe.

La kwanza ni shule. Mzazi anapokumbwa na dharura, mtu wa kwanza kuambiwa ni mwalimu wa darasa. Mwalimu aliyeelezwa hali ya nyumbani anaweza kumpa mtoto kazi za ziada na kumtafutia mwenzake wa kusoma naye, lakini mwalimu asiyejua lolote huona utoro tu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaitaja elimu miongoni mwa haki ambazo mzazi ana wajibu wa kumpa mtoto. Binti kumsaidia mama baada ya masomo ni malezi mema, bali binti kuacha darasa ili awe yaya ni kumlipisha mtoto deni la watu wazima.

La pili ni malezi ya mchana. Vituo vya kulelea watoto wadogo mchana vinatakiwa kusajiliwa, na Afisa Ustawi wa Jamii ndiye wa kumwuliza kituo kipi kimesajiliwa. Mzazi anapokwenda kukitazama kituo aombe kuoneshwa hati ya usajili. Atazame choo, maji ya kunywa, uzio, mahali pa kulala na idadi ya walezi ikilinganishwa na watoto. Aulize pia ni nani anayeruhusiwa kumchukua mtoto jioni, na kama jina lake huandikwa. Kituo chema hakikasirishwi na maswali hayo.

La tatu ni kliniki. Chanjo za watoto katika vituo vya umma hutolewa bila malipo. Si lazima ampeleke mama peke yake. Baba, bibi au mlezi mwingine anaweza kumpeleka mtoto akiwa na kadi yake. Aliyepitwa na tarehe asione haya, aende. Mhudumu atamweleza pa kuendelea. Wazazi wakumbuke pia kwamba kila mwaka, mwezi Juni na mwezi Desemba, watoto wenye umri wa miezi sita hadi miezi hamsini na tisa hupewa matone ya vitamini A.

La nne ni usalama. Mtoto anayeachwa peke yake, anayepigwa kupita kiasi au anayedhulumiwa na aliyekabidhiwa kumlea, ana watu wa kumtetea. Namba 116 ni ya huduma kwa mtoto, na kuipiga hakuna malipo. Ofisi ya kata nayo iko wazi kwa taarifa kama hizo.

La tano, na ndilo zito, ni akina baba. Sheria inampa baba mwajiriwa angalau siku tatu za likizo mtoto anapozaliwa, lakini ulezi hauishi siku ya tatu. Baba anayerudi safarini Jumanne anaweza kwenda kliniki Jumatano. Anayekaa kijiweni saa mbili jioni anaweza kukaa nusu saa na daftari la mwanawe. Kazi hizo hazimpunguzii mwanaume heshima yake.

Na yule mama? Mumewe aliporudi, walikaa wakahesabu fedha zao pamoja. Mtoto mdogo akaandikishwa katika kituo kilichosajiliwa kwa siku mbili za wiki, Jumatatu na Alhamisi. Gharama yake iliwalazimu kuahirisha kununua kitanda kipya. Jirani akaendelea na siku zake tatu. Baba ndiye aliyempeleka mtoto kuchanjwa, akaketi kwenye foleni kati ya akina mama, kadi mkononi. Binti akarudi darasani siku zote tano, na mwalimu akampa dakika chache kila jioni kwa ajili ya mada ya sehemu.

Maisha hayakuwa mepesi ghafla. Mama bado huamka saa kumi, bado husimama garini, bado hufika saa mbili usiku. Lakini sasa, wakati wali unaiva, binti humkatia mdogo wake chungwa vipande vinne na kumweleza kwamba kila kipande ni robo. Mdogo hula robo zote nne, na mama hucheka. Wataalamu wa makuzi huita mazungumzo ya namna hiyo malezi yenye mwitikio, nayo ni miongoni mwa mambo matano ambayo mpango wa Taifa wa malezi na makuzi ya mtoto, uliozinduliwa mwaka 2021, uliyahimiza pamoja na afya, lishe, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Hayahitaji fedha, ila yanahitaji mzazi ambaye amebakiwa na nguvu kidogo jioni.

Nguvu hiyo hupatikana pale mzigo unapogawanywa. Kwa hiyo kila aliyesikia mazungumzo haya amtazame jirani yake. Akiona mtoto wa shule yuko nyumbani mchana amembeba mdogo wake mgongoni, asipite kimya. Abishe hodi, aulize kwa upole, amweleze mzazi njia zilizopo. Huenda nyuma ya mlango huo pana mama mchovu ambaye hajapata wa kumwuliza.