Mwenye Nyumba ya Wageni
Maneno yaliyosemwa mbele ya Wakristo na walimu wa Mvumi



Dayosisi yetu ya Central Tanganyika ilianzishwa mwaka 1927, nasi twajiweka tayari kwa Yubile ya miaka 100. Katika siku kama hizi ni desturi kuwataja wageni waliotoka mbali wakatutendea mema. Ni haki kufanya hivyo, nasi tutawataja. Lakini twapenda kumkumbuka na mtu mwingine, ambaye husahauliwa mara nyingi.

Katika Injili ya Luka twasoma habari za Msamaria mwema. Sote twajua jinsi alivyomhurumia mtu aliyejeruhiwa na wanyang'anyi, akamfunga vidonda vyake, akampandisha juu ya mnyama wake. Lakini hata kulipokucha, Msamaria alishika njia akaenda zake. Aliyebaki na mgonjwa ni nani? Ni mwenye nyumba ya wageni. Jina lake hatulijui, wala wahubiri hawamsifu sana. Walakini, kama yeye asingalikubali kumtunza yule mtu, wema wa Msamaria ungalikuwa wa usiku mmoja tu.

Basi na tuyatazame mambo ya Mvumi kwa mfano huo.

Kazi ya uganga wa misheni katika nchi hii ya kati ni ya zamani. Tangu mwisho wa miaka ya 1870 Mganga Baxter wa C.M.S. alikuwako Mpwapwa, na hapa Mvumi misheni ilifunguliwa mwaka 1900. Hata mwaka 1927 George Alexander Chambers, mtu wa Australia, aliwekwa kuwa askofu wetu wa kwanza, na Wakristo wa kwao wakajitwika mzigo wa kuisaidia dayosisi changa. Ndipo walipokuja waganga na mabibi wauguzi kutoka nchi ile. Waliacha jamaa zao kwa hiari, wakavuka bahari kwa meli, wakafika katika nchi ya vumbi na ukame, ambako mvua ikikosa mwaka mmoja, njaa huingia nyumbani.

Mmoja wao ni Mganga Paul White wa Sydney. Alifika mwaka 1938 pamoja na mkewe na mtoto wao, akatumika katika hospitali ya Mvumi. Kwa kuwa jina lake limeenea mbali, wengi hudhani kwamba alikaa hapa umri wake wote. Sivyo. Mwaka 1941 ilimlazimu kurudi kwao kwa sababu ya ugonjwa wa mkewe. Huko aliandika vitabu vingi juu ya kazi ya Mvumi, na vingine vya hadithi za wanyama zenye mafundisho, kwa namna ambayo wazee wetu huwafunza watoto jioni penye moto. Vitabu hivyo vikafasiriwa katika lugha nyingi. Yeye alituletea uganga, naye aliondoka na hadithi. Hivyo kila upande ulimpa mwenzake kitu.

Lakini fikirini: alikaa miaka mitatu hivi tu! Je, alipoondoka, mlango wa hospitali ulifungwa? Hasha. Waganga wengine walikuja baada yake, nao wakaondoka kwa zamu zao. Wenyeji ndio waliobaki. Wao ndio waliofua nguo za wagonjwa, waliochota maji, waliokesha penye vitanda, walioyafasiri maneno ya mgonjwa wa Kigogo kwa mganga asiyeijua lugha. Hao ndio mwenye nyumba ya wageni.

Tena twapenda kusema neno moja lililo zito, nalo latuhusu sisi wenyewe. Mwaka 1975 alikuja Mvumi mganga wa macho kutoka Uingereza, Allen Foster, akakaa hata mwaka 1985. Katika nchi yetu walikuwako watu wengi wenye mtoto wa jicho, nao waweza kufunguliwa kwa kisu cha mganga. Lakini walikuwako pia watoto wadogo ambao kioo cha jicho kimekwisha kuharibika, na kisu hakikuweza kuwarudishia yote. Kwa nini watoto hao walipofuka? Mwaka 1987 yeye pamoja na Alfred Sommer wa Marekani walitangaza habari za uchunguzi wao juu ya watoto wa Tanzania. Waliona kwamba sababu kubwa ilikuwa surua, ikisaidiwa na upungufu wa vitamini A. Tena ziko dawa za kienyeji zilizotiwa machoni.

Ndugu zetu, neno hili latuchoma. Mama aliyekamua majani katika jicho la mwanawe hakumchukia mwanawe. Alimpenda, akatenda alivyofundishwa. Lakini upendo usio na maarifa ulimzimia mtoto taa yake. Na dawa ya jambo hili haimo mkononi mwa mganga atokaye ng'ambo. Imo nyumbani mwetu: kumpeleka mtoto achanjwe surua, kumlisha mboga za majani, mapapai na maembe yakipatikana, na kutotia kitu machoni pake ila dawa iliyotolewa na waganga wa hospitali.

Vivyo hivyo kwa trakoma, ndio ugonjwa wa vikope, unaochukuliwa na mikono, nguo na nzi. Uchunguzi uliofanywa huko Kongwa, ukatangazwa mwaka 1995, ulionyesha kwamba watoto waliotiwa dawa na kuoshwa nyuso walipata nafuu kuliko waliotiwa dawa tu. Ninyi walimu, hapo pana kazi yenu. Maji ni haba, twajua. Lakini uso wa mtoto hauhitaji ndoo nzima.

Siku hizi wageni huja kwa ndege, na wengine hukaa majuma machache tu. Tusiwadharau, na wapokewe kwa heshima, waonyeshwe njia, waambiwe kweli. Lakini tusiketi kando ya njia tukimngoja Msamaria, hali nyumba ya wageni ni yetu. Kama kijana wetu ana moyo wa huruma, tumsaidie asomee uuguzi. Kama jirani ni mgonjwa, tumchukue hospitali kabla ya ugonjwa kukomaa. Tena iko siku ambayo sisi nasi tutaitwa kwenda kwa watu wengine walio mbali, tuwe Wasamaria kwao, kama wengine walivyokuwa kwetu.

Msamaria aliahidi ya kwamba atarudi na kulipa kila kilichogharimiwa. Sisi twamngoja Bwana wetu arudiye. Siku ile hatatuuliza ni wageni wangapi waliokuja Mvumi. Atatuuliza habari za mgonjwa aliyeachwa mikononi mwetu. Mungu atujalie tuwe na jibu. Amina.